Nguo Kwanza, Sura Baadaye

Nguo nyeupe haichorwi kwa rangi nyeupe. Unaweza kuambiwa hivyo mara nyingi na usielewe, mpaka umkute mtu anachora kanzu mbele ya macho yako. Mchoraji mmoja wa mabango wa Old Korogwe, ambaye nitamwita fundi kwa kuwa mtaa mzima humwita hivyo, huanza kanzu kwa rangi anayoichanganya mwenyewe kwenye kifuniko cha kopo: nyeupe, buluu kidogo, na tone la kahawia la kuituliza ile buluu. Kinachotoka ni kijivu ambacho hakina jina dukani. Anaipaka kanzu yote kwa kijivu hicho, kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, na kutwa nzima mteja akipita atadhani anachorewa mtu aliyevaa gunia. Rangi ikikauka ndipo anapofungua kopo la nyeupe, na hiyo nyeupe anaitoa kwa ubahili: juu ya bega, juu ya goti linalosukuma kitambaa mbele, kwenye ukingo wa mkono. Chini, karibu na pindo, anarudisha kahawia kidogo, kwa sababu kanzu ya Korogwe haifiki saa tisa alasiri bila kubeba udongo mwekundu. Ukirudi nyuma hatua chache, kanzu inang'aa.

Sura bado haipo. Juu ya shingo ya kanzu kuna doa tu la kahawia, bila macho wala mdomo. Itakuja mwisho, pengine keshokutwa, na itachukua muda mfupi kuliko darizi za kifuani.

Old Korogwe ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga, katika bonde la mto Pangani, mahali ambapo watu hukutana wakiwa wamevalia hali za hewa tofauti. Wasambaa wanaoteremka alfajiri kutoka milimani, Bumbuli na Lushoto, hufika na sweta na makoti ambayo ikigonga saa nne yamekwisha vuliwa na kuning'inizwa mkononi. Kutoka upande wa Handeni wanakuja Wazigua, na wafugaji wa Kikwavi wenye mashuka mekundu yaliyofungwa begani. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inamwaga abiria wenye jezi za timu za Ulaya. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakatanda kulia na kushoto, na palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi fundi cherehani hakosi kufungua kibanda.

Mchoraji wetu anakula kwa mafundi cherehani hao. Bango lao msomaji analijua: ubao wa plaiwudi, upande mmoja mwanamume mwenye suti, upande wa pili mwanamke mwenye gauni la kitenge lililopandishwa mabega, katikati jina la duka na namba ya simu. Rangi ni ile ile ya mafuta inayopakwa milango na baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mkoa huu wa Tanga kabla hajahamia Dar es Salaam na kuanza kuchora mwaka 1968, aliipaka rangi ya aina hiyo kwenye vipande vya ubao wa dari, na wanafunzi wake wakaifikisha duniani. Rangi hiyo haikubali kubembelezwa. Inakauka kabla hujaamua, inang'aa hata pale usipotaka ing'ae, na ukiirudia ikiwa nusu mbichi inavuruga iliyo chini. Kuchora nayo chui mwenye madoa ni rahisi kiasi. Kuchora nayo koti la sufu, kitambaa ambacho kazi yake ni kunywa mwanga, ni kuilazimisha rangi iende kinyume na tabia yake.

Fundi hulitatua hilo kwa namna anavyozikatisha rangi. Kitambaa kinachong'aa, tuseme satini au kanzu ya tetroni, anakiwekea mstari wa mwanga mwembamba wenye kingo kali, halafu papo hapo kivuli. Kitambaa kisichong'aa anakipitisha polepole kutoka kwenye mwanga hadi kwenye kiza, kwa brashi kavu inayokwaruza badala ya kumwaga. Rangi ni ile ile, kopo ni lile lile, lakini mpita njia anatambua kutoka ng'ambo ya barabara kwamba huyu kavaa pamba na yule kavaa nailoni. Hajawahi kuniambia alijifunza wapi. Nadhani alijifunza kwenye foleni ya basi, kwa kutazama migongo ya watu.

Nimeona maonyesho ya sanaa yenye hotuba na vinywaji, na sijaona mchoro unaokaguliwa kwa ukali kama bango la fundi cherehani. Mwenye duka hatazami kama yule mwanamume kapendeza. Anatazama ukosi wa koti: umelala, au umesimama kama wa mtu aliyeshona mwenyewe gizani? Anatazama vifungo, kwa kuwa koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na ukigeuza umemvika mwanamume koti la mkewe. Anatazama mstari wa pasi kwenye suruali, uanzie wapi na uvunjike wapi juu ya kiatu. Anahesabu mikunjo ya kwenye kiwiko. Mkunjo una mahali unapozaliwa, na mahali hapo ni pale kitambaa kilipovutwa: bega, kwapa, kiwiko, kifungo cha tumbo, goti. Mchoraji asiyejua hilo hutawanya mistari popote akidhani anatia uhai, na fundi cherehani ataona papo hapo kwamba koti hilo limeshonwa vibaya. Akiliona yeye, na mteja wake ataliona.

Mchoro huu, kwa maana hiyo, umebeba ahadi. Unasema: ukiingia humu utatoka hivi. Uso wa mwanamume wa bangoni unaweza kuwa wa mtu yeyote, na mara nyingi ni wa mtu yeyote, mwenye macho makubwa yasiyomtazama mtu. Hakuna anayelalamika. Lakini bega likikosewa, ubao unarudishwa.

Wapo wanaoona hii ni dalili ya udogo wa sanaa ya mtaani, kwamba inashindwa sura ndiyo maana inajificha kwenye nguo. Mimi naona tofauti kabisa. Sura mtu amepewa na wazazi wake na Mwenyezi Mungu, hakushauriwa. Nguo kaichagua, au kainunua kwa mkopo, au kaiazima, au kavalishwa kwa nguvu, na katika kila hali hiyo kuna habari yake ambayo pua haiwezi kuisema. Mchoraji anayekaa na shati la mtu muda mrefu kuliko anavyokaa na uso wake anauheshimu uamuzi wa mtu huyo juu ya nafsi yake.

Nguo ilikuwa jambo kubwa katika bonde hili kabla ya reli, kabla hata ya Wajerumani. Njia ya misafara kutoka mji wa Pangani ilipanda na mto, ikipita chini ya milima ya Usambara kuelekea Upare na Kilimanjaro, na mzigo mkuu wa kupanda nao ulikuwa kitambaa. Kilipimwa kwa mkono wa mtu: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Kililipa ushuru, mahari, chakula cha wapagazi na heshima za watawala. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipopanda Vuga mwaka 1857 kumwona mtawala wa Usambara, Kimweri ya Nyumbai, na kabla yao mmishenari Krapf, wote walijua kwamba hawendi mikono mitupu. Mwana wa Kimweri, Semboja, akateremka milimani akaweka makao Mazinde, kando ya njia yenyewe, kwa kuwa aliyekaa pale aliiona nguo ikipita kabla ya mwingine.

Kitambaa kilichotawala kwa muda mrefu kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa New England na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Na ndani ya biashara hiyo ndimo ilimotoka moja ya picha za kale zaidi za rangi za mafuta zinazomwonyesha mtu wa dola ya Unguja. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa dola hiyo, aliituma meli yake Sultana hadi New York, ikiwa na karafuu, pembe za ndovu, kahawa, tende na zawadi kwa rais wa Marekani. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Meli ilitia nanga mwishoni mwa Aprili, ikakaa miezi kadhaa ikitengenezwa, na baraza la jiji likamwagiza mchoraji Edward Mooney amchore mgeni.

Ninapoitazama nakala ya picha ile, naona mchoraji aliyekutana na kitu ambacho mafunzo yake hayakumwandalia. Wanaume aliozoea kuwachora walivaa koti jeusi, shati jeupe na tai, mwili wote ukawa kiza ili uso uelee juu yake. Sasa amekaa mbele yake mtu ambaye nguo yake imeanzia kichwani. Kilemba kina uzito, kina mizunguko, kila mzunguko unafunika sehemu ya mwingine, na mkunjo wake haukushonwa na mtu, umefungwa asubuhi ile na mkono wa mvaaji. Kilemba kilichofungwa vizuri kinaonyesha kimeanzia wapi. Mooney alikifuata kwa uvumilivu, mzunguko kwa mzunguko, na kwa kufanya hivyo akalazimika kumtazama Ahmad bin Na'aman kama mtu aliyejipanga, mwenye mpango wake mwenyewe wa kuonekana. Sultana iliporudi Unguja ilikuwa na vitambaa vya pamba miongoni mwa shehena yake. Vingine huenda vilipandishwa mto Pangani, vikakatwa mikono minne minne.

Karne moja baadaye alikuja Unguja mchoraji wa aina nyingine. Irma Stern, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesomea Ujerumani, alikaa Zanzibar mwaka 1939 na tena mwaka 1945, akachora wazee wa Kiarabu, wanawake na mashehe kwa rangi nzito aliyoipaka kwa nguvu. Picha kadhaa alizitilia fremu za mbao zilizochongwa, zilizotoka kwenye milango ya Zanzibar. Nguo katika picha zake haina mshono wala kifungo cha kuhesabu. Ina mwendo na uzito tu: joho linaanguka kwa mapigo machache mapana ya brashi, nawe unajua limelemea mabega. Kwa ufundi, namvulia kofia. Kitu kimoja hunikera. Picha zake mbili maarufu zaidi zinaitwa kwa maana ya "Padri Mwarabu" na "Mwarabu Mwenye Nguo Nyeusi". Ya kwanza iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Ya pili, iliyochorwa 1939, ilitolewa kuchangia gharama za utetezi wa Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini, kisha ikapotea machoni mwa watu mpaka ilipokutwa jikoni katika nyumba moja ya London, ikiwa imebandikwa barua na bili. Heshima zote hizo, za fedha na za siasa, zimekwenda kwa watu ambao wamebaki kuitwa kwa cheo au kwa nguo zao. Rangi ya joho tunaijua, jina la mwenye joho limeachwa nje ya fremu.

Upande wa Kenya, Joy Adamson, kabla hajajulikana kwa simba wake Elsa, aliajiriwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kuchora watu wa makabila ya nchi ile wakiwa na mavazi na mapambo yao ya asili. Alichora mamia, na nyingi zimehifadhiwa Nairobi. Yeye hakukosea ushanga. Kila duara la shaba, kila ngozi, kila manyoya yako mahali pake, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa: kuweka kumbukumbu ya mavazi yaliyokuwa yakiachwa. Ukizitazama nyingi kwa mfululizo unaanza kuhisi kwamba baadhi ya waliokaa mbele yake wamebeba nguo kwa niaba ya kabila zima, na zinawachosha. Huwezi kujua ni nani kati yao alipenda alichokivaa.

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, akalelewa na mama aliyekuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2004 alitengeneza watu mia moja wa plaiwudi, wa kimo cha mtu mzima, waliokatwa kwa umbo na kupakwa rangi: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, walezi wa mbwa, Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifahari ya Ulaya. Amewavalisha nguo zenye rangi za kuchangamsha macho kuliko nguo za mabwana wao. Na kila mmoja mgongoni ana maandishi: jina lake la kwanza, jina alilopachikwa, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na kazi aliyotwishwa. Mwaka 2017 alitunukiwa Turner Prize. Nilipoziona picha za watu wale wa plaiwudi niliwaza mabango ya Old Korogwe, na sidhani Bi Lubaina angechukia kuwekwa karibu nayo.

Rudi kibandani. Kazi inayomtoa fundi jasho kuliko suti ni kanga. Kitenge kina msamaha, maua yake yanajirudia na likikatika moja jicho linamalizia lenyewe. Kanga ina mpangilio usiobadilika: pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na maandishi chini ya mji. Anayejifunga kanga anazungusha maandishi hayo kwenye nyonga, na hapo herufi zinaanza kupotea. Moja inaingia kwenye mkunjo, nyingine inatoka nusu, ya tatu imekaa ubavu. Mchoraji mwenye haraka huandika maneno yote kwa mstari ulionyooka kana kwamba mwanamke amefunikwa ubao. Fundi huandika neno zima kwanza kwenye karatasi, anaikunja karatasi namna kanga inavyokunjika kiunoni, kisha anachora kile tu kinachobaki kuonekana. Wanaosoma bango husimama, wakainamisha kichwa, wakajaribu kubahatisha msemo. Mwenye duka alilalamika kwamba haisomeki. "Mama," fundi alimjibu, "ya kwako hapo ulipo inasomeka?" Mama akajitazama kiunoni, akacheka, akalipa.

Shuka la Kikwavi lina mtego wa namna hiyo. Miraba yake lazima ipinde na bega, ijibane kwapani, ijifungue kifuani. Miraba ikibaki sawa kila mahali, aliyevaa anakuwa hana mwili ndani. Hapo fundi hutumia hesabu fulani ya vidole ambayo ameshindwa kunieleza, nami nimeshindwa kuiiga.

Mabango, hata hivyo, si kazi inayomfanya anyamaze. Anayonyamazia ni picha za marehemu. Watu huleta picha ndogo, ya pasipoti au ya kadi ya mpiga kura, wanataka picha kubwa ya kuweka sebuleni. Picha ndogo ina uso tu na kipande cha fulana. Kutoka shingoni kwenda chini, familia ndiyo inayoamua, na hapo ndipo nilipoona watu wakibishana kwa sauti ya chini: mmoja anataka kanzu kwa kuwa baba alikufa akiwa mtu wa msikitini, mwingine anataka shati la kitenge kwa kuwa ndivyo anavyomkumbuka, wa tatu anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam anataka suti na tai. Fundi hachangii. Anasubiri waafikiane, akichokonoa kopo lake kwa kijiti.

Siku moja alikuja bibi mmoja peke yake, na picha ya mumewe iliyokatwa kwenye kitambulisho.

"Mvalishe koti, mwanangu."

"Sawa, bibi. Alikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo la kuazima. Siku ya harusi yetu."

Mchoraji mwingine angeishia hapo, akamvika mzee koti lililomkaa sawasawa. Fundi aliweka brashi chini. Akauliza lilikuwa la nani. La shemeji yake. Shemeji alikuwa na mwili? Bibi akaonyesha kwa mikono miwili. Mikono ya koti ilifika wapi? Bibi akagusa vifundo vya vidole vyake. Ukosi ulikuwa mpana, wa zamani ule? Ulikuwa mpana. Akaenda zake, na fundi akafanya kazi niliyoitazama kwa makini kuliko zote.

Koti la kuazima ni gumu kulichora. Mshono wa bega unapita mwisho wa bega lenyewe na kuteremka kidogo kwenye mkono, hivyo juu ya mkono kunatokea bonde dogo ambalo koti la kipimo halina. Kifua hakivuti kifungo, kinakiacha kilegee, na kutoka kwenye kifungo hakuna mikunjo inayokimbia pembeni. Ukosi unaachana na shingo. Ukiyazidisha hayo kidogo, umemfanya mzee kichekesho sebuleni kwake, wajukuu wamcheke maisha yao yote. Ukiyapunguza, umempa koti ambalo hakuwa nalo. Fundi alilitafuta bonde lile la begani kwa saa nyingi, akipaka, akifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akipaka tena, kijivu juu ya nyeusi, mpaka koti likawa limemzidi mvaaji kwa kiasi ambacho mtu mwenye kumpenda tu angekiona. Uso aliumaliza asubuhi moja.

Bibi alipokuja alianza kwa bega. Akalipitishia kidole hewani, bila kuligusa. "Ndilo," alisema. "La shemeji." Kisha akauliza bei iliyobaki, akapunguziwa, akaagiza kijana wa bodaboda aje na kamba.

Huko Uingereza ya karne ya 18, wachoraji wakubwa wa sura hawakuwa na subira hiyo. Allan Ramsay na Thomas Hudson walichora nyuso, kisha wakampelekea turubai Joseph Van Aken, Mflandria aliyekuwa London, awachoree hariri na lesi. Alipofariki mwaka 1749, William Hogarth alichora kwa dhihaka mazishi yake, wachoraji wakilifuata jeneza kwa majonzi ya watu waliopoteza riziki. Fundi nilipomhadithia habari hiyo aliuliza swali moja tu: Van Aken alilipwa nusu, au vipi?

Habari ya Ingres ndiyo iliyomgusa zaidi. Mfaransa huyo alianza kumchora Madame Moitessier mwaka 1844, akamaliza mwaka 1856. Katika miaka hiyo 12 mitindo ilibadilika na gauni la picha likabadilishwa, mpaka alipotulia kwenye hariri pana yenye maua ambayo leo watu huenda kuitazama London. Sura ya mama yule ilisubiri nguo.

Fundi aliielewa mara moja kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi yake inayomletea fedha za uhakika. Suti ya bangoni inazeeka. Nchi hii imewahi kuipa mitindo uzito wa siasa: Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia Januari 1969 vijana wake wakawa wanasaka sketi fupi, mawigi na suruali za kubana katika mitaa ya Dar es Salaam. Baadaye zikaja bugaluu, Kaunda suti zikatawala ofisini, kisha mabwanga, kisha suruali za modo zilizobana tena kana kwamba hakuna aliyewahi kukamatwa kwa ajili yake. Bango la kuchapishwa kwa mashine likipitwa na wakati linatupwa. La rangi linarekebishwa. Uso unabaki, mikono inabaki, suruali inapunguzwa au kuongezwa, na ukipapasa ubao mkongwe kwa kidole kuanzia gotini kwenda chini unazihisi kingo za suruali za zamani zikiwa zimelaliana chini ya mpya.

Mara ya mwisho nilimkuta akibishana na fundi cherehani mmoja mnene, mcheshi, aliyetaka mtu wake wa bangoni atanuliwe suruali kwa kuwa vijana wameanza kuulizia bwanga.

"Nikiitanua, kaka, viatu vinafunikwa," fundi alisema. Viatu vilikuwa vya kahawia, vya mchongoko, vyenye kamba zilizochorwa tundu kwa tundu.

"Basi ipandishe kidogo."

"Nikiipandisha, watasema unakata fupi."

Wakaitana mbele ya ubao na futi ya kitambaa, wakapima mguu wa mtu wa rangi kama anayesubiri kushonewa. Naondoka, walikuwa wamekubaliana inchi za upana. Za urefu bado.